Nusu Nyoka, Mtu Mzima

Pamba ikishapimwa na mtama ukishaingia ghalani, Usukuma huingia msimu mwingine, msimu wa ngoma. Tangu Juni hadi Agosti vumbi la viwanja vya Shinyanga halitulii. Makundi mawili hushika uwanja mmoja, saa ileile, kila moja likipiga ngoma zake kwa nguvu zote, na hakimu ni miguu ya watazamaji. Kundi lililozungukwa na wengi limeshinda. Lililobaki na watoto na mbwa limeshindwa. Kwa hiyo kila kundi hutafuta kitu cha kuwavuta watu. Hawa watarusha majembe juu na kuyadaka, wale watapanda milonjo. Halafu anatokea mtu mmoja, anafungua gunia, anatia mkono hadi begani na kuvuta chatu.

Wa kwanza niliyemtazama kwa karibu alikuwa mzee mwembamba, njuga miguuni, kifua wazi. Alimzungusha chatu shingoni mara mbili, akalala kifudifudi, akaanza kutambaa kwa tumbo vumbini huku nyoka akitambaa juu ya mgongo wake, hata ikafika mahali hujui ni yupi anayemfuata mwenzake. Kisha akakitia kichwa cha nyoka kinywani na kufumba midomo. Watu walirudi nyuma kwa kishindo, wakakanyagana, wakacheka, wakarudi palepale. Upande wa pili wa uwanja ulibaki mtupu.

Ngoma ilipopoa nilimfuata chini ya mkwaju. "Mwadila, babu," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Akaitikia. Nikamuuliza kama hamwogopi yule mnyama.

"Nimwogope ndugu yangu? Nusu yangu mimi ni huyu."

"Na nusu nyingine, babu?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Nyingine ni mtu, mjukuu wangu. Kwani unaongea na nani?"

Jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu sayansi ya mwili, ukiifuata kwa subira, inafika karibu na palepale alipokuwa amekaa yule mzee.

Yeye ni mmoja wa Bayeye, chama cha wacheza nyoka kinachojulikana Usukumani na Unyamwezini. Ushindani wenyewe wa ngoma una mizizi katika karne ya 19, kwa waganga wawili waliokuwa mahasimu, Gumha na Ngika. Wafuasi wa mmoja ni Bagalu na wa mwingine Bagika, na hadi leo kijana wa Kisukuma anayeingia ngomani huingia upande mmoja kati ya hiyo miwili. Bayeye walikuwa na jambo lao la ziada: elimu ya nyoka, dawa za kuumwa, na masharti ya siri ya kuingia. Mwaka 1946 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, aliandika juu yao katika jarida la kitaaluma la *Africa*. Muongo uliofuata, huko Bujora karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement alianza kukusanya vitu vya Kisukuma, vya vyama vya ngoma vikiwemo, akaweka msingi wa makumbusho ambayo bado yapo. Sherehe ya Bulabo ya hapo Bujora, inayoangukia wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, bado huwaleta wacheza nyoka mbele ya kanisa.

Bayeye hawako peke yao. Kuna Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Nungunungu ni mharibifu wa usiku: hufukua mihogo, viazi, karanga, na kukipambazuka amekwisha kujichimbia. Mwindaji wake hamngojei nje. Anaingia shimoni kwa tumbo, gizani, kumfuata mnyama mwenye miiba mahali ambapo hakuna nafasi ya kugeuka. Anayefanya kazi hiyo miaka ishirini anajua jinsi nungunungu anavyofikiri, na sioni ajabu akijiita kwa jina lake.

Ila tazama lugha ilivyofanya hapo. Kiambishi *ba-* katika Kisukuma ni cha watu, kama *wa-* cha Kiswahili. Ukimchukua nungunungu ukambandika *ba-*, umemvika mnyama nguo ya binadamu. Bayeye na Banunguli wanabaki watu waliobeba mnyama, na mnyama hawamezi. Mzee wa chini ya mkwaju hakutarajia kujivua gamba. Ana shamba, ana wajukuu, anadaiwa michango ya kijiji. Unusu wake ni wa kazi, wa kiapo na wa damu.

Neno hilo la damu tulichukulie kama lilivyo. Anayeingizwa katika chama cha nyoka huchanjwa chale, aghalabu mikononi, na dawa husuguliwa kwenye majeraha. Dawa yenyewe ni ya mizizi iliyochanganywa, kwa maelezo ya wengi walioandika juu yake, na sehemu za nyoka. Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa protini. Za kifutu, yule mnene mwenye kupenda kulala njiani jioni, nyingi ni za kuyeyusha: hula nyama na mishipa ya damu, mguu ukavimba na kuoza. Za koboko hazina haja ya nyama. Huenda moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu na kuvuruga amri zinazopita humo, hadi misuli ya kupumulia inasimama. Mwili ukionjeshwa protini ngeni kwa kiasi kidogo, chembe zake za kinga hutengeneza kingamwili, yaani protini zenye umbo la kuikamata ile ngeni na kuizuia isifanye kazi. Kwa hiyo wazo la chale si la kipuuzi hata kidogo. Ndilo wazo la chanjo.

Lina masharti, lakini. Kingamwili hutambua umbo. Sumu iliyokaushwa vizuri yaweza kuhifadhi umbo lake kwa miaka. Sumu iliyochomwa kwenye chungu ni kama ute wa yai uliokwisha kukaangwa, haurudi ulivyokuwa, na kingamwili zitakazotengenezwa dhidi yake zitakuwa zinamtafuta mtu asiyekuwepo. Pia kingamwili hupungua mwezi hadi mwezi. Chale moja ya ujanani haimlindi mtu hadi uzeeni. Na chatu, sharti tukumbuke, hana sumu kabisa. Huua kwa kubana. Sehemu kubwa ya usalama wa Bayeye imo vichwani mwao: wanajua nyoka aliyeshiba anakaaje, wanajua mahali pa kumshika, wanajua kwamba mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa.

Sasa tuivuke bahari. Miaka ya 1890 Albert Calmette, daktari Mfaransa aliyekuwa amefanya kazi Saigon ambako swila waliua watu wakati wa mafuriko, alimdunga farasi sumu kidogo kidogo, akaongeza dozi taratibu, kisha akamtoa damu na kuchuja maji yake. Maji hayo yalikuwa na kingamwili. Hiyo ndiyo dawa ya nyoka tuliyo nayo hadi leo, pamoja na marekebisho yote ya zaidi ya karne moja. Mkulima wa Kahama aliyeumwa na kifutu, akibahatika kufika hospitali yenye dawa kwenye friji, hutundikiwa dripu, na ndani ya dripu hiyo kuna sehemu ya farasi. Kwa siku kadhaa anayemlinda asife ni mnyama ambaye hajawahi kumwona, aliyechanjwa chale kwa niaba yake.

Na mwili wake haulali. Wiki moja au mbili baadaye baadhi ya wagonjwa hupata homa, vipele, maumivu ya viungo. Madaktari wawili wa Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1905: mwili umegundua kwamba mwokozi wake si mtu, na umeanza kumpiga vita. Kutokana na kazi hiyo ndipo Pirquet, mwaka uliofuata, alipobuni neno aleji. Viwanda vya siku hizi hukata kingamwili za farasi na kubakisha kile kipande chenye kushika sumu, ili ufarasi upungue. Huwa nafikiri hapo kuna kichekesho kidogo: hospitali inahangaika kumpunguzia mgonjwa unyama, uwanjani mzee anajivunia wake.

Kisha akaja fundi wa magari makubwa. Tim Friede wa Wisconsin, Marekani, hana shahada ya sayansi. Kwa takriban miaka 18 alijiingizia sumu za nyoka mbalimbali zaidi ya mara 800, kwa kujidunga na kwa kuwaacha waziwazi wamuume. Mwaka 2001 swila wawili walikaribia kumuua. Kila mwenye akili timamu alimwona kichaa. Lakini Mei 2025 jarida la *Cell* lilichapisha utafiti wa Jacob Glanville, Peter Kwong na wenzao, walioichambua damu yake na kupata kingamwili mbili zenye nguvu. Walipozichanganya na dawa iitwayo varespladibu, panya walilindwa kabisa na sumu za aina 13 za jamii ya swila na koboko, na kwa sehemu na za aina 6 nyingine. Kifutu hayumo, kwa kuwa ni wa ukoo mwingine, na kwa mkulima wa Shinyanga upungufu huo si mdogo. Hata hivyo jambo limetimia: kingamwili hizi ni za mtu. Farasi ametoka. Yule aliyejifanya nusu nyoka ndiye aliyeikaribisha dawa iliyo ya kibinadamu zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa wa kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017. Kwa makadirio yake watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka, na karibu mara tatu ya hao hukatwa viungo au kubaki na ulemavu. Wengi ni wakulima na wafugaji, wenye kutembea pekupeku. Bayeye walikuwa na zahanati yao ya tatizo hili kabla shirika lolote halijalipa jina.

Damu ni mlango mmoja tu. Ukihesabu chembe za mwili wa mtu wa kawaida, kama walivyofanya watafiti Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo mwaka 2016, unapata trilioni 30 hivi zilizo zake, na trilioni 38 za bakteria wanaoishi ndani yake, wengi tumboni. Kwa uzito ni gramu 200 tu. Kwa kura, wao ndio wengi. Mfano mzuri uko jirani: Wahadza wa bonde la Eyasi, ambao baadhi yao wako Meatu, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga hadi ulipoundwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Watafiti walipochunguza vinyesi vyao walikuta aina nyingi za bakteria ambazo watu wa mijini Ulaya na Marekani wamezipoteza. Mwaka 2017 jarida la *Science* likaonyesha la ajabu zaidi: bakteria hao huenda na kurudi kwa msimu. Wakati wa asali na matunda ya porini baadhi hutoweka. Nyama na mizizi vikirudi, nao hurudi. Mhadza ana masika na kiangazi tumboni.

Ingia ndani zaidi, kwenye vinasaba. Karibu asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu na kubaki humo, vikarithishwa kama shamba. Vingi vimekufa. Kimoja hakikufa: mwaka 2000 iligundulika kwamba protini iitwayo sinsitini, inayounganisha chembe za kondo la nyuma ili mtoto apate chakula kwa mama yake, hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni la kirusi. Kila aliyezaliwa alilishwa kwanza na kirusi.

Na kuna kamongo. Ukishuka Geita hadi ufukweni, kwenye mialo ya Ziwa Victoria, utamkuta ametandazwa juu ya turubai, mrefu, mweusi mwenye madoa, mapezi yake membamba kama kamba za viatu. Bado anapumua, maana ana mapafu. Muuza samaki atakwambia ananyanyua mdomo juu kama mtu anayezama, na wako wasiomla kwa sababu hiyo tu. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, ukoo wa Mmamba hawamli kwa sababu ni mwiko wao, jina lao na jamaa yao. Sasa mwite mtaalamu wa vinasaba asimame mbele ya meza hiyo, sato upande mmoja, kamongo katikati, muuza samaki upande wa pili, umuulize kamongo ni ndugu wa nani. Atakuonyesha muuza samaki. Samaki wenye mapafu ndio samaki hai walio karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo. Sato yuko mbali na wote wawili. Mwaka 2021 jenomu ya kamongo wa Afrika Magharibi ilisomwa na kukutwa na herufi bilioni 40. Yetu ina bilioni 3. Sisemi watu wa Mmamba walijua filojenia. Nasema walipochagua samaki wa kumwita ndugu, hawakukosea.

Nimepitia yote haya kwa furaha, na nilikuwa tayari kufunga makala: mwili ni mchanganyiko, mzee yuko sahihi, kwaherini. Lakini nimelelewa katika mkoa huu wa Shinyanga, na siwezi kuuandikia makala ya nusu-mtu nikaishia kwenye samaki.

Kuna wanaobandikwa mnyama bila kuomba. Kule Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, watoto waliokuwa wakitambaa kwenye njia nyembamba za chini kwa chini waliitwa nyoka. Hakuna aliyewachanja wala kuwafundisha dawa. Waliitwa nyoka kwa kuwa ni wembamba na maskini. Jina la mnyama ukijipa mwenyewe ni cheo. Ukipewa na bosi wa shimo ni bei yako.

Shinyanga ilikuwa na fisi wake. Imani ya zamani husema mchawi humfuga fisi na kumpanda usiku, na kwamba utamtambua mchawi kwa macho mekundu. Waliokuwa na macho mekundu ni vikongwe. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi juu ya mauaji ya vikongwe Usukumani, na katika maelezo ya macho hayo kunarudi kitu kimoja cha kawaida mno: jiko. Wanawake walipikia samadi kavu. Kwa nini samadi? Kwa sababu kuni hazikuwepo. Na kuni hazikuwepo kwa sababu tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kumfukuza mbung'o anayeeneza nagana na malale; hapahapa Shinyanga ndipo serikali ya kikoloni ilipoweka makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Kilichobaki kilimalizwa na pamba, mifugo na vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970. Moshi wa samadi ukamkuta bibi kizee ameinama juu ya mafiga miaka arobaini. Macho yakawa mekundu, na wekundu ukasomwa kuwa fisi. Nzi mmoja, ukimfuata kwa muda wa kutosha, anakufikisha kwenye panga. Ilipoanza HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, watu wakarudishia *ngitili*, zile hifadhi za malisho na miti za jadi, ripoti zilihesabu hekta na kuni. Sijaona iliyohesabu macho.

Kisha ikaja dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata, na kandokando yao wachimbaji wadogo walijaa kila paliposikika rashi, yaani habari ya dhahabu mpya. Kwenye duara, shimo la mchimbaji mdogo, bahati ni kila kitu. Wawili wanaingia mwamba mmoja, matimba yaleyale, jasho lilelile. Mmoja anatoka na mawe yenye mali, mwenzake anatoka na kifusi. Mahali ambapo hakuna anayeweza kueleza tofauti hiyo, mganga anaweza. Dawa ya utajiri ina jina lake, ndagu, na ndagu ina masharti. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 masharti hayo yaligeuka viungo vya watu wenye ualbino. Deborah Bryceson na wenzake, waliochunguza uhusiano huo na kuuandika mwaka 2010, waliuona ukifungana na uchimbaji mdogo, waganga na kiu ya kufanikiwa haraka.

Ili umuue mtu kwa ajili ya kiungo ni lazima kwanza umtoe kwenye hesabu ya watu. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa na masimulizi: kwamba hawafi bali hupotea, kwamba ni mizuka. Lugha nayo ilichangia. Kiswahili kina ukarimu kwa wanyama; tunasema nyoka *anatambaa*, kamongo *anapumua*, tunawapatanisha kama tunavyowapatanisha watu. Lakini neno *zeruzeru*, wingi *mazeruzeru*, lilikaa kwenye ngeli ya mawe na majani. Ilichukua kampeni ya miaka kuhamia kwenye *mtu mwenye ualbino*, maneno matatu badala ya moja, na la kwanza ni *mtu*. Wahariri hulalamika kwamba yanajaza kichwa cha habari. Acha yajaze.

Sayansi ya jambo lenyewe ni fupi kuliko masimulizi. Jeni liitwalo OCA2 lina kazi katika kutengeneza melanini. Kwa Waafrika wengi wenye ualbino kipande kimoja cha jeni hilo, herufi kama 2,700, kimekatika. Ukirithi nakala moja iliyokatika huoni lolote. Ukirithi mbili, baba kakupa na mama kakupa, ngozi na macho hukosa kinga ya jua. Basi. Kwa kadirio linalotumika sana, Mtanzania mmoja kati ya 1,400 amezaliwa hivyo. Fanya hesabu ya urithi: kama waliorithi nakala mbili ni mmoja kwa 1,400, wenye nakala moja ni karibu mmoja kwa kila 19. Hiace ikitoka Geita kwenda Katoro imejaa, na huwa imejaa, kwa wastani kuna abiria mmoja ndani aliyebeba nakala hiyo bila kujua. Mganga naye hupanda Hiace. Aliyemtuma vilevile.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia mauaji haya. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa Bukombe, wilaya ambayo sasa ni ya Geita. Mwaka 2010 Salum Barwany alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha jimbo. Watoto waliokimbizwa makwao walijazana kituo cha Buhangija, manispaa ya Shinyanga, wakilala nyuma ya ukuta. Moshi, katika hospitali ya KCMC, walianza kutengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa sababu saratani ya ngozi huua wengi kuliko panga, polepole na bila waandishi wa habari.

Mzee wangu wa chatu aliweza kusema "nusu yangu ni huyu" na watu wakacheka na kumpigia vigelegele, kwa sababu hakuna mtu uwanjani aliyekuwa na shaka na ile nusu nyingine. Utu wake ulikuwa dhamana iliyokwisha kulipwa. Aliweza kukopea nyoka juu yake. Mtoto wa Buhangija hawezi kufanya mzaha huo. Akisema kwa utani kwamba ana roho ya kunguru, kuna anayesikiliza kwa makini. Yeye anahitaji kwanza asemwe mtu, bila nusu na bila lakini, ndipo siku moja apate anasa ya kujiita kitu kingine.

Siku hizi Marekani na Ulaya kuna vijana wanaojiita watheriani. Wanajua miili yao ni ya watu, wanakula mezani, wanakwenda kazini, ila wanasema ndani yao kuna mbwamwitu au paka. Watu huwacheka, na wengine huwakasirikia. Mimi nikiwasoma namkumbuka mzee wa chini ya mkwaju. Na mnyama akiingia mwilini kweli? Januari 2022, huko Maryland, David Bennett alipandikizwa moyo wa nguruwe uliobadilishwa vinasaba, akaishi nao miezi miwili. Hakuna aliyeuliza kama alibaki mtu. Waliuliza kama amelala vizuri.

Na pale ambapo mnyama aliletwa kuwa kisingizio, mahakama hazikumsikiliza. Miaka ya 1940 huko Singida, mpakani mwetu, watu waliuawa kwa makucha na ikasemwa ni simba, au watu waliogeuzwa simba. Serikali ya kikoloni haikumshtaki simba. Ilishtaki watu, na baadhi yao wakanyongwa. Nusu ya mnyama haijawahi kupandishwa kizimbani. Ile ya mtu ndiyo inayoulizwa maswali.

Jioni ile uwanjani mzee alimrudisha chatu kwenye gunia, mkia kwanza, akampooza kwa maji ya kwenye kopo, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani. Akavua njuga mguu mmoja mmoja. Halafu akatoa simu yake ya kitochi mfukoni, akainyoosha mbali na uso, akashindwa kuona, akanipa mimi.

"Nisomee, mjukuu wangu. Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikafungua ujumbe. Ulikuwa wa ofa ya vifurushi. Fedha za pamba zilikuwa bado hazijaingia.